Maji Aliyoyamwaga Fundi

Mlingoti haukuvunjika kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ulisema "ka!" tu, kama muwa uliovunjwa gotini, kisha ukaanza kushuka polepole, pamoja na tanga lake, kamba zake na waya zake. Bibie aliuona ukija. Alimsukuma mumewe pembeni, yeye mwenyewe akachelewa. Mti ukamkuta mguuni, chini ya goti, na tanga lote likawafunika. Walilala humo gizani ndani ya kitambaa kilicholowa, upepo ukipiga kelele nje, kila mmoja akimuuliza mwenzake swali lilelile.

"Uko hai?"

"Niko hai. Wewe?"

"Mguu. Lakini niko hai."

Tuseme ukweli, hawa hawakuwa watu wa bahari. Bibie alikuwa mshonaji wa maturubai na matanga, mwanamke wa karakana yenye joto nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, vidole vyake vimejaa alama za sindano nene. Kuendesha mashua alijifunza kwa kupanda na wateja kujaribu kazi yake. Mumewe alikuwa fundi bomba, na kwa sababu mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe naye alimwita Fundi, na jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mteja mmoja aliyeridhika na tanga lake aliwaazima mashua ili wazunguke visiwa vya hifadhi kusherehekea miaka ya ndoa yao. Injini haikuwepo. Humo ndani ya hifadhi injini zimepigwa marufuku, ndege wasisumbuliwe. Simu nazo zilikuwa zimeacha kushika mtandao tangu kisiwa cha kwanza.

Na walikuwa na kaugonjwa kao, hawa wawili. Hakuna aliyewahi kukiri kwamba anataka kitu. Paja la mwisho la kuku nyumbani kwao lililala sahanini mpaka asubuhi, mke akiapa ameshiba, mume akiapa tumbo linataka kupasuka, na mwishowe paka akafaidi. Watoto wao walikuwa wameshazoea. Wageni walidhani ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi, ila ya kuchosha.

Upepo ulipopita, Fundi alikunjua tanga, akamtoa mkewe. Mguu ulikuwa umepinda pasipopaswa kupinda, na ngozi imechanika.

"Fungulia maji unioshe," Bibie alisema, meno yameumana. "Halafu nitafutie ubao ulionyooka."

Fundi hakusogea.

"Bibie, usinikasirikie."

"Ukianza hivyo, nimeshakasirika."

"Tangi nimelimwaga."

Alieleza huku anatazama miguu yake. Asubuhi, mkewe alipokuwa akiweka sawa kamba, yeye alifungua tangi la mashua akanusa. Fundi bomba hanywi maji ya tangi asilolijua. Ameona mengi mno ndani ya matangi ya watu. Basi akafungua koki, akayaacha yote yaende, akasuuza, akasugua, akaridhika, kwa sababu kwenye kisiwa cha askari wa hifadhi kulikuwa na bomba, na walitegemea kufika kabla ya chakula cha mchana.

"Yote?"

"Yote."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana mtu anauliza!" Bibie alifumba macho. Machozi yalimtoka, ya mguu na ya hasira, na hakuyafuta. "Haya. Yakishamwagika hayazoleki. Tumebaki na nini?"

Walibaki na chupa ya chuma ambayo Fundi hubeba kazini, imejaa mpaka shingoni. Wakapatana: funda moja moja asubuhi, moja moja mchana, moja moja jioni, si zaidi. Jeraha likaoshwa kwa maji ya bahari, na Bibie alipiga yowe mpaka sauti ikakatika. Kisha alimwelekeza mumewe jinsi ya kuuvuta mguu na kuufunga kati ya vipande viwili vya ubao kwa utepe aliouchana kutoka kwenye tanga. "Kaza," alisema. "Si bomba hilo, halitapasuka." Fundi alicheka, akakaza.

Halafu ukungu ukashuka, na bahari ikanyamaza.

Ulikuwa ukungu mweupe, mpole, wenye baridi kidogo, na ndani yake mashua haikuonekana kwenda popote ingawa mkondo uliibeba. Visiwa vilikuja vikapita. Kwanza harufu ya majani, kisha kivuli kikubwa cha kijani kikisimama hewani bila miguu, kisha hakuna kitu. Fundi alipiga kasia moja lililobaki mpaka mabega yakakataa, na kila mara kivuli kilirudi nyuma, bila haraka, kikafutika. Ndege weupe walilala juu ya maji, wamefunika vichwa kwa mbawa, mashua ikipita katikati yao bila hata mmoja kuamka. Siku zikaanza kuchanganyika. Alfajiri walilamba matone ya ukungu kwenye waya za mlingoti, na matone hayo yalikuwa na ladha ya kutu na chumvi.

Chupa ilipita kutoka mkono hadi mkono. "Kunywa." "Nimekunywa, chukua." "Umekunywa kweli?" "Nimekunywa, jamani." Ilikuwa nzito, lakini mikono ilikuwa imedhoofika, hata kijiko kilikuwa kizito.

Homa ilimpanda Bibie. Alihisi yuko karakanani, na kitambaa cheupe kinamjia kutoka kwenye ukungu, laini, hakina mwisho, naye anakishona bila kuchoka na bila uzi kukatika hata mara moja. Hakuwahi kushona vizuri hivyo. Alitamani mtu aje aone. Wakati huohuo, upande wa pili wa mashua, Fundi alikuwa ameinuka nusu, amekunja uso, anapapasa mbao.

"Kuna koki inavuja," alisema.

"Iache ivuje," Bibie akamjibu kwa upole mno.

"Inapoteza maji."

"Njoo ulale, Fundi. Utaifunga kesho."

Akaja akalala. Wakawa wamelala wametazamana, midomo imepasuka, wanapumua hewa ileile, na kufa kulianza kuonekana si jambo baya sana. Hapo ndipo palikuwa na hatari yenyewe. Bibie aliitambua, akaogopa kuliko alivyouogopa mlingoti.

Kilichomwamsha ni mbawa. Ndege walikuwa wanapita juu, wengi, wote kuelekea upande mmoja, na alikumbuka kwamba hata jana, au juzi, jua lilipopungua nguvu ndani ya ukungu, walipita vilevile.

"Fundi. Wanarudi nyumbani."

"Kina nani?"

"Ndege. Wanalala nchi kavu, kule, kulia kwetu. Inuka. Shika kasia lisimame, mimi nifunge kipande cha tanga. Kaupepo kapo, nakasikia shavuni."

Alitoa sindano yake, akashona akiwa amekaa, mguu umenyooshwa mbele. Mishono ilikwenda ovyo, mwanafunzi wake angeifumua. Fundi alisimama na kasia, akalikumbatia kwa mikono miwili, na tanga lile dogo likajaa upepo. Mashua ikaanza kusema maneno madogo mbele yake. Kisha Fundi akaanguka chini pamoja na kasia.

Bibie alijivuta mpaka alipo, akaichukua chupa ampe zamu yake ya jioni, na zamu yake mwenyewe pia, kama alivyokuwa amekusudia tangu mwanzo. Akafungua. Akainamisha kidogo tu, na maji yakamwagikia kidoleni papo hapo.

Imejaa. Imejaa mpaka shingoni.

Yeye hakuwa amekunywa hata funda moja, hilo alilijua. Alikuwa anaegemeza chupa mdomoni, anameza mate yasiyokuwepo, anarudisha. Alimtazama mumewe, shavu lake likiwa juu ya mbao, ulimi umevimba.

"Wewe mwanaume," alisema. "Hujanywa."

Fundi alifungua jicho moja. "Nimekunywa."

"Hujanywa! Chupa imejaa, mwongo mkubwa wewe!"

Alifikiri taratibu, ungemwona akifikiri. "Kama imejaa," alisema, "basi na wewe hujanywa."

Bibie akaishikilia chupa katikati yao, isimwagike.

"Mimi ndiye niliyemwaga," Fundi alisema mwishowe. "Ningekunywaje maji yako?"

"Na mimi ndiye niliyevunjika mguu. Nikasema, kama ni mmoja wa kurudi kwa watoto, awe wewe."

"Mimi? Bibie, mimi hata saizi za viatu vyao sizijui."

Walicheka, au walijaribu. Midomo ilipasuka upya, damu ikatoka. Halafu Bibie akalia kwa sauti kavu isiyo na machozi. Alikuwa na hasira mbaya, kwa sababu walikaribia kuuana kwa adabu. Akamshika shingo, akamwekea chupa mdomoni, akatazama koo lake mpaka lilipopanda na kushuka. Fundi naye akamtazama hivyohivyo. Hakuna aliyemwamini mwenzake, na hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Fundi aliposimama tena hakuwa na nguvu nyingi, lakini zilitosha. Waliifuata sauti ya ndege, yeye akiwa mlingoti na mkewe akishika usukani, mpaka kelele zikawa nyingi na ukungu ukanuka samaki na manyoya. Asubuhi ilipokuwa inapauka, chini ya mashua kokoto zikakwaruza. Fundi akaruka majini, akaanguka, akatambaa, akavuta kamba.

Na kisiwa chote kikaruka. Ndege kwa maelfu waliinuka kwa pamoja, weupe juu ya weupe, wakapasua ukungu mpaka anga la bluu likaonekana, wakazunguka juu yao wakipiga kelele za kuwalaani. Wawili wale walilala juu ya kokoto wakitazama. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kuona, na walikuwa wamechoka mno hata wasiweze kusema hivyo.

Wingu lile la ndege lilionekana mbali. Haikupita muda mrefu, ikaja mashua ya makasia, na ndani yake askari wa hifadhi aliyesimama wima, firimbi mkononi, amekasirika kweli.

"Nyie! Nyie hapo! Hamjui kusoma? Kisiwa hiki hakikanyagwi, ndege wanalalia mayai!"

Fundi alijiinua kwa kiwiko. "Samahani sana, afande," alisema. "Tunaondoka sasa hivi."

"Hatuondoki!" Bibie alisema. Sauti ilitoka kama msumeno. "Mguu wangu umevunjika na nina kiu. Nataka maji. Nayataka sasa hivi."

Askari aliwafikia, akaona midomo yao, na firimbi ikamponyoka. Alikimbilia mashua yake, akarudi na dumu la maji, akampa mwanamke. Bibie alilikamata kwa mikono yote miwili. Hakumtazama mumewe wala hakumkaribisha. Alikunywa maji yakimshuka shingoni na kifuani, akapumua, akanywa tena.

"Polepole, mama," askari alisema. Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe, mzee, una kiu?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari ulimini, limekaa pale kwa mazoea. Fundi alilimeza. Mkewe alikuwa ameshusha dumu, anamkodolea macho.

"Nina kiu," Fundi alisema, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto. "Nina kiu sana. Nilikuwa na kiu tangu siku ya kwanza."

Bibie akampa dumu. Lakini mpini hakuuachia.

"Usimalize," alimwambia. "Mimi bado nayataka."