Kompyuta Mbili, Anwani Moja

Kila asubuhi Samiha hufungua steshenari yake karibu na stendi ya Muheza. Wiki hii alitembea kifua mbele: alikuwa amenunua kompyuta ya pili. Aliiandaa mwenyewe. Alinakili mipangilio yote ya kompyuta ya kwanza, namba kwa namba, bila kuruka hata moja.

Lakini printa ikaanza visa. Mara inachapa, mara inagoma.

"Mtihani ni kesho," alisema Mwalimu Kristofa, aliyeleta mitihani ya darasa lake ichapwe. "Saa sita nikikosa karatasi, nakwenda Tanga mjini."

"Utazipata, Mwalimu."

Abdulghani, muuza machungwa wa jirani, alicheka. "Umeiletea kompyuta yako mke mwenza, halafu unataka amani!"

Samiha hakucheka. Alimwita Devota, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, dada," Devota alisema alipofika.

"Marahaba. Nitazamie, mdogo wangu, nimekwama."

Devota alizima kompyuta mpya. Printa ikachapa vizuri.

"Basi mpya ndiyo mbovu," Samiha alisema kwa unyonge. "Nairudisha dukani leo."

"Ngoja kwanza. Kompyuta huzungumza kwa kanuni, zinaitwa itifaki. Itifaki ya IP inataka kila mashine iwe na anwani yake peke yake. Zile namba ulizonakili ndizo anwani."

Samiha alishika shavu. "Kumbe nimezipa zote anwani moja!"

"Ndiyo. Printa ikijibu, jibu halijui liende wapi."

"Sasa nani agawe anwani?"

"Ruta, hiki kisanduku cha intaneti kinachounganisha kompyuta na printa. Kwa itifaki ya DHCP, mashine huomba anwani, ruta huipa isiyotumika. Ipo pia TCP. Hiyo hutuma kazi vipande vipande. Kipande kikifika, printa hujibu: nimepokea. Jibu lisiporudi, kinatumwa tena."

"Kama shikamoo isiyoitikiwa. Unaamkia upya!"

"Hapo umenena. Haya, rekebisha mwenyewe."

Samiha alifungua mipangilio. Alifuta zile namba, akachagua anwani itoke kwa ruta. Akafanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili, polepole, akihakikisha kila hatua. Kisha akatuma kazi kutoka zote mbili. Printa ikanguruma, karatasi zikafuatana bila kusita.

Saa sita kasoro Mwalimu Kristofa alipokea mitihani, bado ina joto.

"Fundi gani ametengeneza?"

"Devota amenielekeza," Samiha alijibu. "Mikono ni yangu." Akamweleza habari ya anwani, mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu alisikiliza, mitihani kwapani. "Basi Jumatatu njoo darasani kwangu," alisema. "Wanafunzi wakusikie wewe."