Nguo Iliyoanikwa Maporomokoni

Sogea, uape kwanza kwamba hili halitavuka kizingiti. Mimi nami nilimwapia wifi yake fundi, tena kwa kichwa cha mjukuu wangu, na sasa tazama ninavyokumwagia.

Fundi cherehani, yule mwenye maringo ya vidole, alisafiri kwa gari na mumewe, binti yao wa miaka saba na mama mkwe. Siku ya mwisho wakapitia maporomoko ya maji. Mlinzi wa pale aliwaonya jambo moja tu: mkikuta kitu kimeanikwa juu ya mawe, kiacheni, mwenyewe anaoga.

Mume akauliza anaoga kwa sabuni gani. Fundi hakucheka. Jiweni palikuwa na kitambaa cheupe, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye pindo. Hakikuwa na pindo. Uzi haukuanza popote wala kuishia. Mwingine angeiba dhahabu. Fundi huiba ufundi. Akakifutika kwenye mkoba.

Njiani kiti cha nyuma kikalowa chapachapa. Akalaumiwa mama mkwe, eti uzee, na bibi wa watu akageuzia uso dirishani kwa aibu.

Nyumbani nguo zikagoma kukauka. Siku tatu za jua kali, shuka bado zinachuruzika kwenye kamba. Mito ya kulalia ikanuka ukungu wa mawe. Fundi naye, mikono ikimwasha, alikuwa keshakikata kile kitambaa akamshonea bintiye gauni, akadai kitambaa ni cha dukani. Mtoto alilivaa asubuhi moja asikubali kulivua tena, akawa baridi kama mtungi, akikohoa anatema maji, na ukimwekea sikio mgongoni ulisikia, mbali kabisa, maporomoko yakianguka.

Mganga akaitwa adhuhuri, majirani wakajaa sebuleni. Akasema humu kuna kitu cha wenyewe. Kikirudi kizima, mtoto atapona. Akamuuliza kila mtu. Fundi akaapa hajui, kisha akanong'ona kwamba mama mkwe ana tabia ya kuokotaokota.

Halafu akajipenyeza chumbani kwa mtoto na mkasi, alifumue gauni upesi, avirudishe vile vipande kimyakimya, akapapasa ubavuni alikopiga cherehani mwenyewe, akapapasa kwapani, begani, mgongoni, na kila alipogusa mshono haukuwepo, hata mmoja, mpaka akafika shingoni asione nguo inaishia wapi na ngozi inaanzia wapi, na hapo ndipo akatia ncha ya mkasi, yakatoka maji.

"Mkwe wangu," ikasema sauti nyuma yake, "unafanya nini?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, na nyuma yake mume, mganga na mtaa mzima. Mkasi mkononi, maji hadi kiwikoni.

Mganga alitazama mara moja tu, akaanza kufunga mkoba wake. "Nilisema kizima," akasema.

Mtoto akageuza shingo taratibu, akamtazama fundi kama mtu amtazamavyo mwizi wake, akasema kwa upole, kwa sauti ya mwanamke mzima:

"Nguo yangu nilikuwa nimeianika tu."