Vipimo vya Ikirezi

Haya yalimpata rafiki yangu Ikirezi, fundi wa kompyuta, pale mtaani Rwezamenyo. Mama Leila, mshonaji wa nguo za harusi, alimwita akikaribia kulia. Jedwali lenye vipimo vya wateja lilikuwa limeharibika kwenye kompyuta, nakala ya akiba hakuna, na harusi ni Jumamosi.

Ikirezi akaanza kuokoa jina mojamoja. Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, ikabaki nuru ya kompyuta tu, iliyoendelea kwa betri. Vipimo vya bibi harusi na wapambe wake vikarudi vyote. Kisha, kwenye mstari wa mwisho, likatokea jina la Ikirezi mwenyewe, pamoja na vipimo.

"Mama, ulinipima lini?"

"Mimi? Sijakupima hata siku moja, mwanangu."

Mama Leila alichukua utepe, akampima. Kifua, sawa. Kiuno, sawa. Hata mkono wa kushoto, uliovunjika utotoni ukabaki mfupi kidogo, ulikuwa umeandikwa vilevile.

"Nani mwingine anashona hapa?" Ikirezi alinong'ona.

"Hapa niko mimi tu."

Nyuma ya pazia lililogawa chumba, gizani, mkasi ukaanza kukata kitambaa, taratibu.