Amna na Mbwa wa Bi Carolyn

Banda la maonyesho nje kidogo ya Fort Worth lilikuwa limejaa mbwa hadi milangoni. Wengine walibweka ndani ya vizimba vyao, wengine walivuta kamba kama watu waliochelewa miadi. Katikati ya kelele hizo alisimama Amna, amevaa gauni fupi la kijivu juu ya suruali ya mazoezi, mtandio mweusi ameukaza kwa pini usije ukamponyoka akikimbia. Kwa mkono mmoja alishika kiti cha magurudumu cha Bi Carolyn, bibi ambaye Amna aliajiriwa kumtunza. Kwa mkono wa pili alishika kamba ya Biskuti, mbwa wa bibi huyo.

Nyuma yake mtu akasema, "Simsim, tulia, usinitie aibu mbele za watu."

Amna aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, fulana ya buluu, ndevu zimechongwa vizuri, na miguuni mwake mbwa mweusi anayemtazama kwa dharau.

"Huyo anajua Kiswahili?"

"Kukijua anakijua. Kutii ndiyo shida." Alimtazama Amna, akautazama mtandio, akamtazama Biskuti. "Na wako?"

"Kiingereza cha Texas peke yake. Na si wangu, ni wa huyu mama."

"Wakimbia naye wewe?"

"Nakimbia naye mimi."

Mwanamume alicheka kwa upole. Akasema anaitwa Abdulhafidh, mtu wa Mombasa, sasa yuko Lewisville anaendesha lori, na Simsim ndiye abiria wake. "Mzanzibari, nasikia kwa lafudhi, na mbwa. Nyumbani kwenu wajua?"

Amna alijifanya analiweka sawa blanketi la Bi Carolyn. Zamu yake ilipoitwa, alishukuru.

Mchezo wenyewe wanauita ajiliti. Mbwa anaruka viunzi, anapenya bomba la turubai, anapita katikati ya vijiti kama nyoka, anapanda ubao na kushuka, na binadamu wake anakimbia ubavuni akimwonyesha njia kwa mikono na sauti. Amna alikimbia. Kwa muda ule mfupi hakuwa mtoto wa mtu wala mtumishi wa mtu. Kulikuwa na pumzi yake tu na manyoya ya rangi ya asali yakiruka mbele yake. Kwenye kiunzi cha mwisho Biskuti aliangusha mti wa kurukia, wakakosa ushindi. Abdulhafidh alikuwa ukingoni, ameshika maji ya chupa.

"Mti uliangushwa na upepo," alisema. "Mimi nimeona."

"Humu ndani upepo unatoka wapi?"

"Basi nipe namba yako, nikichunguza nikwambie."

Alimpa. Baadaye alijishangaa kwamba hakusita.

Houston maisha yake yalikuwa ya vitanda viwili. Kitanda cha kwanza kilikuwa mtaa wa Sharpstown, kwenye fleti ya ghorofa ya pili, alikolala mama yake, Bi Mwanakhamis, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka, na kila baada ya siku chache Amna alimpeleka kusafishwa damu. Kitanda cha pili kilikuwa Missouri City, kitongoji cha jirani, nyumbani kwa Bi Carolyn. Tangu avunjike nyonga, bibi huyo hakuweza tena kukimbia na mbwa wake, na mbwa alikuwa amegoma kula. "Jaribu wewe," bibi alimwambia siku moja, akionyesha viunzi vilivyoachwa kwenye majani nyuma ya nyumba. Amna alijaribu. Hakuacha tena.

Lakini mama yake alikuwa mtu wa mswala. Mbwa kwake ni najisi, hakuna mjadala. Kwa hiyo Amna alikuwa na nguo za mbwa na nguo za nyumbani, alioga Missouri City kabla hajaondoka, na njia nzima alinusa mikono yake kwenye foleni ya magari. Safari ya Fort Worth alimwambia mama yake kuwa anamsindikiza mgonjwa kwa jamaa zake. Mama alikaa kwa binamu yao siku hizo, na aliporudi alilalamika kuhusu chumvi ya vyakula vya huko.

Abdulhafidh alipiga simu kila alipoegesha lori.

"Habibti, uko wapi?"

"Kwenye maegesho ya hospitali. Mama yuko ndani. Wewe?"

"Arkansas. Simsim amenuna, hataki kuzungumza nami."

"Mpe salamu zangu."

"Akisikia jina lako asimamisha masikio. Mimi pia." Akaongeza, "Amna, nataka kuja kwenu kwa heshima. Shangazi yangu yuko tayari kuongozana nami."

"Si sasa."

"Lini?"

"Abdulhafidh, mama akisikia tulikutana wapi, nitamweleza nini?"

"Ukweli."

Kwake yeye ukweli ulikuwa rahisi, kwa kuwa aliishi peke yake. Amna alitazama mlango wa hospitali. Hatima ya mapenzi haya aliiona imebanwa pale pale, kati ya mlango ule na wa Missouri City.

Kisha ikaja harusi ya mtoto wa jirani, kwenye ukumbi mmoja kusini magharibi mwa jiji. Amna alivaa gauni la zumaridi lenye nakshi za dhahabu, na wanja ulimkaa vizuri hata mama yake akamsifu. Walikuwa mlangoni wanaingia alipomwona Abdulhafidh, kanzu nyeupe na koti jeusi, shangazi yake ubavuni. Bwana harusi kumbe alikuwa jamaa yao. Uso wa Abdulhafidh uling'aa. Alikuja moja kwa moja.

"Shikamoo, mama. Amna, hujambo? Simsim akusalimu."

Bi Mwanakhamis aliuliza taratibu, "Simsim ndiye nani?"

Amna alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Samahani, kaka. Nadhani umenifananisha."

Abdulhafidh alimtazama. Shangazi akamtazama Abdulhafidh. Kisha Abdulhafidh akainamisha kichwa, akasema, "Labda. Niwieni radhi," akampisha mama apite kwanza.

Simu zake zilikoma. Amna alipopiga, iliita hadi ikakatika. Alimwandikia ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi, nao akaufuta. Aliendelea kupeleka, kurudisha, kuogesha, kupika, kunawa. Nyuma ya nyumba ya Bi Carolyn alikimbia na Biskuti bila kumwangalia, na mbwa akawa anakosea vijiti.

"Mwanamume?" Bi Carolyn aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi mwenyewe," Amna alijibu.

Haikupita muda mrefu, mtoto wa kiume wa Bi Carolyn akafika na habari zake. Mama yake anahamia kwenye nyumba ya wazee, nyumba hii inauzwa, na mbwa haruhusiwi kule. Kama hakuna wa kumchukua, atapelekwa makazi ya mbwa waliotelekezwa. Bi Carolyn alimshika Biskuti sikio, akalisugua kwa kidole gumba, machozi yakimshuka bila sauti.

Amna alitoka uani akapiga tena. Safari hii ilipokelewa.

"Wanipigia kwa sababu ya mbwa," Abdulhafidh alisema alipomsikiliza hadi mwisho.

"Ndiyo. Na kwa sababu yako. Vimeshikana, siwezi kuvitenganisha."

"Ulinikana mbele ya shangazi yangu, Amna. Nilimleta toka Dallas. Njia nzima nakusifu kwake."

"Najua."

"Nilikuwa nimenyoosha kanzu mwenyewe."

Hilo ndilo lililomliza. "Niliogopa," alisema. "Si kwamba nilikuonea haya. Nimezoea kuficha mpaka siku hiyo sikujua kufanya kingine."

Upande wa pili lori lilinguruma. "Mbwa nitamchukua," alisema hatimaye. "Jumamosi niko Houston kwenye mashindano. Mlete. Mengine sikuulizi."

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, Amna aliketi kwenye zulia mbele ya mama yake akamweleza yote: mbwa, Fort Worth, nguo mbili, harusi. Bi Mwanakhamis alisikiliza tasbihi ikiwa imesimama mkononi.

"Umekuwa ukinipikia kwa mikono hiyo?"

"Naoga, mama. Kila siku naoga kabla."

"Na yule kijana ulimwambia amekufananisha."

"Ndiyo."

Mama alisogeza punje moja ya tasbihi. "Baba yako angekuwa hai angeona haya," alisema. Amna hakujua ni kwa lipi kati ya hayo mawili, na hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi, Amna alipochukua funguo, alimkuta mama yake mlangoni, amevaa buibui, mkoba begani. "Nakwenda nawe. Lakini sishuki."

Biskuti aliletwa na mtoto wa Bi Carolyn kwa gari lake. Amna aliipokea kamba kwenye maegesho ya uwanja, akampa Abdulhafidh bila vidole vyao kugusana. Jua lilikuwa kali.

"Mama yuko garini," alisema. "Nimemwambia kila kitu."

Abdulhafidh alitazama gari. Akamfunga Biskuti karibu na Simsim, mbali kidogo na gari, akatembea hadi kwenye mlango wa abiria. Kioo kilishuka upana wa vidole viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfananisha mwanangu?"

"Ndiye mimi."

"Ndani ya lori una mbwa. Unaswali wapi?"

"Nateremka. Mswala wangu una begi lake, mbwa halifikii."

"Na ukimwoa huyu, atakaa Lewisville, na mimi nani atanipeleka hospitali?"

Jasho lilimtiririka Abdulhafidh shingoni. "Nimeomba kazini nihamishiwe Houston. Hawajanijibu."

"Kwa hiyo huna jibu."

"Sina, mama. Nikisema ninalo nitakuwa naongopa."

Bi Mwanakhamis aligeuza macho polepole kuelekea kwa binti yake aliyesimama juani, mikono mitupu, kisha akayarudisha kwa kijana.

"Angalau mmoja wenu hajui kusema uongo," alisema. "Amna, mwonyeshe bomba la maji lilipo anawe mikono, kisha aje aingie nyuma. Nje kuna joto, na nina maswali mengi."