Msuko wa Kamba Mlangoni

Mwalimu Valeria alipohamia nyumba ya jirani hapa Titye, mimi ndiye niliyempelekea maharage ya kuanzia maisha. Mwanamke mchangamfu, mwenyeji wa Njombe, mikono yake haitulii. Likizo ya kwanza tu akaagiza kutoka Dar udongo wa plastiki, ule wa rangi unaokandwa kama unga wa chapati kisha unaokwa kwenye oveni. Aliuviringishia kwenye vishikio vya milango na fremu za swichi, akigandamizia majani, kitenge, hata wavu wa vitunguu, ili uchukue michoro. Kufikia Pasaka nusu ya mtaa tulikuwa tunawasha taa kwenye maua. Nikamtania kwamba atatupambia mpaka milango ya vyoo.

Siku moja nikamkuta barazani ameshika kamba.

"Dada Theodosia, tazama msuko huu! Nimeukuta juu ya dari ya stoo."

Niliitambua.

Kamba ile ndiyo iliyomfunga bibi Ndayikunda mwaka juzi, alipoitwa mchawi na kupigwa mchana kweupe mpaka akafa. Wanaume watatu walimfunga, na mmoja wao ni Marselino, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyekuwa nikiishi naye. Hapa mtaani kwetu kamba iliyoua haichomwi wala haitupwi, huwekwa kwenye nyumba isiyo na mtu. Wakaiweka kwenye nyumba tupu, na baadaye nyumba hiyo akapangishwa mwalimu. Polisi walipouliza, mtaa mzima hatukuona kitu. Sasa ningemwambia nini Valeria? Kumwambia kamba ilifanya nini ni kumwambia nani waliishika, na Marselino angeozea jela.

"Nzuri, mwalimu," nikasema. Mungu anisamehe.

Akatengeneza vishikio kadhaa vyenye msuko ule, akagawia majirani zawadi. Kimoja alikifunga mwenyewe mlangoni kwangu, nje na ndani. Kukikataa kungetaka sababu.

Wa kwanza kufa alikuwa Pasikali. Mkewe alimkuta saa nne asubuhi mbele ya mlango wao, mikono yote imevunjwa, kichwa kimepasuliwa, ngozi ya kiganja imebaki kwenye kishikio cha mwalimu. Siku ya tatu akafuata Saidi, vilevile. Wote wawili walimfunga bibi Ndayikunda. Akabaki Marselino.

Nilipopata habari za Saidi nilikimbia nyumbani kutafuta nyundo, nikivunje kishikio kabla mdogo wangu hajarudi kutoka shambani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nilikuwa nimepiga magoti napapasa chini ya kitanda niliposikia jembe likiegemezwa ukutani.

"Usiguse mlango!"

"Kuna nini, dada?"

"Zunguka nyuma, Marselino. Usiguse!"

Kishikio kikashuka. Mlango haukufunguka.

"Dada," akanong'ona, "mkono wangu umenasa."

Kisha nikasikia miguu. Watu wengi, wanakimbia, wanakuja kwetu. Nikachungulia dirishani. Barabara ilikuwa tupu, kuku tu wanachakura.

Pigo la kwanza likatikisa mlango. La pili. Mfupa ukavunjika, niliusikia. Damu ikapenya chini ya mlango, ikaja kwenye mkeka. Marselino akapiga yowe, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kike, ya kizee.

"Mundeke, bana banje!"

Niacheni, wanangu. Ndivyo alivyolia bibi Ndayikunda, neno kwa neno.

Ilikuwa hatua tatu tu kumfungulia. Lakini kamba ile niliisuka mimi. Nilimsukia mbuzi wangu, na siku ile walipokuja kuiomba niliwapa kwa mkono huu huu, nikijua wanakwenda kumfunga nani. Nikaogopa kushika mlango. Nikajikunyata kwenye kona, nikaziba masikio. Mdogo wangu akapigwa mpaka akanyamaza.

Polisi waliandika ameuawa na watu wasiojulikana. Mbele ya mlango palikuwa na nyayo zake peke yake.

Jana Valeria alikuja kukifungua kishikio chake, analia. Akatoa skrubu, akakigeuza mkononi, kilio kikamkatika.

"Dada, siku ile ulikuwa umeshika mlango?"

"Sikuusogelea kabisa."

Akanionyesha upande wa ndani. Udongo ule ukishaokwa haupokei alama tena, hata uubane kwa koleo. Lakini msuko ulikuwa umefutika. Mahali pake palikuwa na vidole vinne na gumba, vimezama ndani, vya mtu aliyekishikilia kishikio kwa nguvu zake zote ili mlango usifunguke.

Nikaweka mkono wangu pale. Vidole vyote vikaingia sawasawa.