Kisima cha Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Alikuwa dobi, na shuka alizofua zilitoka nyeupe pe. Maji aliyachota kisimani nyuma ya nyumba, jirani na karakana ya mumewe, fundi wa jenereta.

Asubuhi moja mteja alirudisha shuka zake.

"Mama Povu, umefulia maji au dizeli?"

Mama Povu alinusa shuka. Akanusa ndoo. Bila kisima hana kazi, na bila kazi jikoni hakupikwi. Alimtazama mumewe. Mumewe alitazama spana.

"Baba, ile dizeli ya kuoshea spea unaimwaga wapi?"

"Pale nyuma tu. Ardhi inakunywa."

"Na sisi tunakunywa ardhi!"

Mume aliona haya, akaacha kumwaga. Lakini Mama Povu hakuwa mtu wa kukaa na kungoja. Kwa dobi, kila doa lina dawa yake. Kila jioni akamimina klorini kisimani. Harufu ilipungua kidogo, kisha ikarudi.

Ndipo walipomwita mpimaji wa idara ya maji. Alikuja akachimbia mabomba membamba uani, akachukua mchanga na maji ya chini kwenda kupima. Aliporudi na majibu, alikuwa amekunja uso.

"Ajabu. Upande wa karakana, mafuta yameanza kupungua. Karibu na kisima, hayapungui. Mama, kuna kitu unamwaga humu?"

"Klorini," Mama Povu alijibu kwa fahari. "Tena ile kali."

Mpimaji alishika kichwa. "Mama, umewaua wafanyakazi wako!"

"Wafanyakazi gani? Mimi nafua peke yangu."

Mpimaji alicheka, akachota mchanga kiganjani.

"Humu mna bakteria. Ni wadogo mno, huwaoni kwa macho. Kuna wanaokula dizeli kama chakula, na kuigeuza kuwa maji na hewa. Mmoja akishiba, anajigawa, wanakuwa wawili. Wawili wanakuwa wanne."

"Wanatembea?"

"Wengi wamejishika kwenye chembe za mchanga. Wengine huogelea kufuata chakula, na wengine huchukuliwa na maji yanayopita chini. Ndivyo wanavyosambaa. Klorini yako imewaua wa karibu na kisima. Na hao waliobaki wanahitaji hewa, kama sisi. Chakula wanacho tele, pumzi hawana."

Ilimuuma Mama Povu kwamba alikuwa akiharibu huku akidhani anasafisha.

"Basi tena," mumewe alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yanazoleka, shemeji, ila kwa subira," alisema mpimaji.

Kazi ikaanza. Udongo uliolowa dizeli ulichimbwa, ukapelekwa kwenye jalala la taka za mafuta. Dizeli chafu ikawekwa kwenye pipa lenye kifuniko. Idara ilileta mashine ya kupuliza hewa chini kupitia mabomba. Klorini ilipigwa marufuku. Kila alfajiri mume alibeba madumu kutoka bomba la mtaa.

"Aliyemwaga ndiye achote," mkewe alimwambia.

Mvua zilikuja zikapita, zikaja tena. Kila walipopima, mafuta yalikuwa yamepungua kidogo. Mara nyingi Mama Povu alitamani kumimina kopo moja tu la klorini, akajizuia. Mwishowe mpimaji alikuja akitabasamu. Dizeli haikuonekana tena kwenye maji. Mama Povu alilia mbele ya watu, wala hakujali.

"Kufulia, fua," mpimaji alisema. "Ya kunywa, chemsheni kwanza. Kisima hakikosi vijidudu vya kuumiza tumbo."

Mama Povu alichemsha maji, akayapoza, akajaza kikombe. Akampa mumewe.

"Uliyemwaga, onja wewe."

Mume alikunywa hadi tone la mwisho. Wote walimkazia macho.

"Haya sema, yana ladha gani?"

"Hayana ladha yoyote, mke wangu," alisema. "Hata kidogo."