Mteja wa Fundi Asukile

Juni ya mwaka 1956, Evarista alikwenda Mbeya kutazama watu wa mjini wanavyoendesha biashara. Alitaka kufungua hoteli ndogo ya chai kwao Ilula, pale mabasi yanaposimama. Siku nzima alizunguka: kwa mshona viatu, kwa muuza sabuni, kwenye mashine ya kusaga. Kote aliuliza maswali, na kote alijibiwa vizuri.

Jioni, ukungu ukishuka, alisimama kwa Damari, mama wa maandazi karibu na soko.

"Leo umewahi," Damari alisema. "Sogea motoni, kama kawaida yako."

"Mama, mimi mgeni. Nimeingia jana tu."

Damari akamtazama mikono.

"Ah... nisamehe. Yule mikono yake ina udongo siku zote. Huja kuota moto, hali kitu, hasemi kitu. Lakini mmefanana, jamani! Si dada yako?"

Evarista alijitazama mikono. Dada yake alikuwa mmoja tu, Benedicta, na walimzika kabla ya Pasaka.

"Kamuulize fundi Asukile, pale barazani. Anamshonea nguo."

Alisikia cherehani kabla hajaiona. Tka-tka-tka... Kisha ikanyamaza.

"Kamwene, dada," fundi alimsalimia kwa Kihehe chake cha kubahatisha, akicheka. "Si umenifundisha mwenyewe? Lakini bado. Tulisema Jumamosi."

"Nionyeshe."

Fundi akakunjua kitambaa. Marikani nyeupe. Kilikuwa kimefuliwa, lakini kilinuka udongo mbichi. Na pindo lake lilikuwa la uzi wa buluu.

Evarista ndiye aliyelishona.

Siku ya msiba uzi mweupe ulimwishia, akaimalizia sanda ya dada yake kwa ule wa buluu.

"Ulisema nikukatie gauni," fundi alinong'ona, sasa hacheki tena. "La kurudia nyumbani kwa mama."

Asubuhi Evarista alipanda basi la kwanza. Walipopita Chimala, jambo alilolikimbia miezi yote likamkalia kifuani. Lile la makaburini. Jeneza lilikuwa linashushwa, katekista anaongoza wimbo, yeye amesimama ukingoni kabisa. Akasikia mkwaruzo ndani. Mdogo... kama wa kucha.

Alikuwa amemuuguza Benedicta miezi minne. Kumgeuza, kumlisha, kumfulia mashuka. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Akajiambia ni mbao tu zinalia.

Akapaza sauti ya kuimba.

Alimkuta mama yake mlangoni, anapukuchua maharage. Akapiga magoti palepale na kusema yote: maandazi, marikani, mkwaruzo. Hakujibakizia kitu.

Mama hakulia. Hakuuliza habari za Mbeya. Aliendelea kupukuchua mpaka ganda la mwisho.

"Wewe ulisikia kucha tu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilisikia akiniita."

Evarista akainua uso. Mama hakumtazama.

"Watu walikuwa wengi," mama alisema taratibu. "Na nilikuwa nimeshamlilia."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akaanza kutandika kitanda cha Benedicta, ambacho hakuna aliyekilalia tangu kabla ya Pasaka. Evarista alimfuata. Hakumzuia. Alishika ncha ya pili ya blanketi, wakalinyoosha pamoja.